Fam Inashuka Coast na Mtajipikia? Hii Hapa Orodha ya Vitu vya Kupakia

Disemba ikianza kunukia, kila grupu ya WhatsApp ya familia huwa na ule msee mmoja anauliza, "Form ya mwaka huu ni gani?" Siku hizi jibu halikosi: Mombasani. Shida ni kwamba hoteli ya watu 8, watatu wakiwa watoi, ni chapaa ya kutisha. Ndo maana fam nyingi zinachukua nyumba nzima Diani, Nyali, Kilifi ama Watamu, watu wanachanga kodi, halafu wanajipikia.

Hesabu iko sawa kabisa. Penye inaharibikia ni kwa vitu vidogo. Mnafika saa mbili usiku, watoi wanalia njaa, na jikoni hakuna chumvi, hakuna mafuta, hakuna hata kibiriti. Mnakimbia kwa duka la kando ya ufuo lenye bei zake ni za watalii. Kesho mnanunua sufuria ju ile iko ni ya chai ya watu 2. Kufika siku ya tatu mchango umeisha, na Njaanuari bado iko mbele na karo yake.

Hii orodha tumeipiga kwa fam ya watu 8 kutoka Nairobi, siku 5. Kama nyinyi ni wachache ama mnakaa zaidi, punguza ama uongeze.

Kwanza, msumbue mwenye nyumba

Kabla ufungue begi yoyote, mtumie mwenye nyumba ujumbe. Picha za mtandaoni zinaonyesha kochi na bahari, hazionyeshi droo ya vijiko. Muombe akupigie video fupi ya jikoni, kisha uulize:

- Sufuria kubwa kabisa ni ya kiasi gani? Ugali wa watu 8 haupikwi kwa kisufuria.
- Mtungi wa gesi umejaa? Ukiisha katikati, nani anajaza?
- Tokeni za stima ni za nani? Eyasi inameza tokeni kama mchezo, na nyumba nyingi wageni ndo hujinunulia. Ukiambiwa ni wewe, itisha namba ya mita mapema.
- Friji inafanya, na iko na friza?
- Kila kitanda kiko na neti? Iko na mashimo?
- Shuka na taulo zipo, ama mje na zenu?
- Maji ya mfereji ni ya chumvi ama matamu?

Majibu yakija, weka kwa grupu. Kila "hakuna" inageuka kitu cha kupakia ama cha kununua.

Mnashuka na nini?

Hii ndo inaamua mtabeba nini. Kama ni Madaraka Express, jua kuna ukaguzi mkali Syokimau kabla ya kupanda. Mabegi yanapangwa chini, mbwa wananusa, kisha yanapita kwa mashine. Visu, pombe, mtungi wa gesi na vitu vya kushika moto havipiti. So kisu cha nyama cha mathe kiache home, utanunua kingine huko ama utumie cha nyumba. Kitambulisho ni lazima, kwa hivyo usikizike chini ya begi.

Kumbuka pia treni inawaacha Miritini, si ufuoni. Kama mnaenda Diani, bado kuna safari ya kuvuka upande wa Kwale, either kwa feri ya Likoni ama kuzunguka na barabara ya Dongo Kundu. Kila begi mtalishika mikononi mara kadhaa. Mabegi 4 ya kati ni afadhali kuliko 2 za kuvunja mgongo.

Kama ni basi, weka begi moja ndogo ya kukaa nayo: maji, nguo moja ya mtoi, tishu, dawa na kitu cha kutafuna. Begi kubwa likishaingia kwa buti, hulioni tena hadi mwisho.

Kama ni ndai yenu, hapo mko na uhuru. Lakini uhuru usiwe wa kubeba Nairobi nzima. Pale Emali na kando ya barabara upande wa Makueni mtapata machungwa, na maembe yakiwa kwa msimu.

Jikoni: beba hivi, vingine mtapata huko

Rule ni moja: beba kile kidogo ambacho dukani kinauzwa kwa paketi kubwa, na nunua huko kile kizito. Hakuna haja ya kusafirisha bale la unga kilomita karibu 500 na Ukunda kuna maduka na soko.

Beba kutoka home:

- Chumvi, majani ya chai, pilipili manga, binzari na masala ya pilau, kila moja kwa kikopo kidogo
- Mafuta ya kupika lita 1, kwa chupa isiyovuja, ndani ya mfuko wake
- Ndengu na maharagwe yaliyochemshwa na kugandishwa, kwa kopo lenye kifuniko (haya ni kama friza iko na mnaenda na ndai yenye kibaridi)
- Mwiko wenu wa ugali
- Kibiriti, isipokuwa mnapanda treni
- Sabuni ya vyombo, sponji na vitambaa 2 vya jikoni
- Kopo za plastiki ngumu zenye vifuniko, kama 6
- Thamosi ya chai

Nunua mkifika:

- Unga, mchele, sukari na maziwa. Kilo moja ya mchele inatosha mlo mmoja wa watu 8 hadi 10, so piga hesabu ya siku ngapi ni wali.
- Nyanya, vitunguu na mboga kutoka soko la Ukunda, ama Kongowea kama mko Nyali
- Nazi. Uliza kama nyumba iko na mbuzi, na hapa hatumaanishi ile ya nyama choma. Mbuzi ya coast ni kile kibao cha kukunia nazi.
- Samaki. Wavuvi wakirudi asubuhi, nenda na kopo lako na uulize bei kabla samaki hajapimwa.

Asubuhi msijisumbue na chapo. Mahamri na mbaazi ziko kila mtaa, na jioni kuna viazi karai. Kujipikia si lazima iwe milo 3 kila siku.

Jioni ya kwanza ndo ngumu zaidi, ju kila mtu amechoka. Panga chakula ambacho hakitaki soko: tambi na ndengu, ama mkate na mayai. Viweke kwa mfuko mmoja ulioandikwa "JIONI YA KWANZA," ndo usianze kupekua mabegi yote gizani.

Kuhusu mifuko: ile ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Kenya tangu Agosti 28, 2017. Na kuanzia Juni 5, 2020, plastiki za kutumia mara moja haziruhusiwi kwa mbuga, misitu na fuo zinazolindwa. Beba kiondo, chupa za maji za kujaza tena na vikombe vya kuosha.

Maji si mchezo

Kwa nyumba nyingi za ufuoni, maji ya mfereji hutoka kisimani na yako na chumvi. Kuoga yanafaa, sabuni tu ndo itagoma kutoa povu. Chai yake sasa, utaitema.

Kwa lile joto, hesabu lita 3 za maji matamu kwa kila mtu kwa siku, za kunywa, chai na kupika. Watu 8 kwa siku 5 ni lita 120, yaani zile jagi kubwa za lita 20 ziwe 6. Zikinunuliwa hivyo ni rahisi sana kuliko vichupa vya nusu lita, na mwenye nyumba mara nyingi anajua msee wa kuzileta mlangoni.

Wezi wenye mikia

Hii ni ya wale mnaenda Diani. Kuna mbega, kima, tumbili na nyani, na isipokuwa mbega anayejilia majani yake, hao wengine wanajua jikoni iko wapi. Ndizi zikiachwa mezani na dirisha wazi, zimeenda. Ndo maana tumesema kopo zenye vifuniko. Watoi waambiwe mapema: hakuna kuwalisha, hakuna kuwachekea na chakula mkononi. Tumbili akizoea kupewa, siku moja atajichukulia na meno.

Dawa: begi hili lisikose

Nairobi tumezoea kuchukulia mbu kama kelele tu za usiku. Coast kuna malaria. Wenye wako hatarini zaidi ni watoi chini ya miaka 5 na akina mama wajawazito, so kama fam iko nao, ongea na daktari kabla ya safari, si mkishafika. Begi la dawa liwe na:

- Mafuta ya kufukuza mbu, na neti ya ziada moja
- Dawa ya maumivu na homa, ya wakubwa na ya watoi
- Pakiti za ORS na zinki za kuhara. Mkikosa ORS, lita 1 ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi
- Plasta, bandeji, dawa ya kuosha vidonda na kibanio cha kutoa miiba
- Mafuta ya kukinga jua. Ndiyo, hata sisi weusi tunaungua.
- Kadi ya bima ama namba ya SHA ya kila mtu, ikiwa pia kwa simu

Kama mathe, mzae ama shosh yuko na dawa za presha ama sukari, hesabu za siku zote kisha ongeza za siku 3. Zikae kwa begi la mkononi. Insulini isiachwe kwa gari lililopigwa na jua. Ibebwe kwa kibegi cha baridi bila kugusa barafu moja kwa moja, na mkifika iende kwa friji, si friza.

Nguo ni chache kuliko unavyodhani

Mtashinda na nguo za kuogelea na tisheti. Kitu cha maana ni leso, 2 kwa kila mtu mkubwa. Leso ni taulo, ni shuka ya mtoi, ni mkeka wa ufuoni, na ni ya kujifunga ukienda kuzunguka Mji wa Kale, penye watu wanavaa kwa heshima na ni vizuri kuwaheshimu pia.

Beba viatu vya mpira vinavyofunika mguu. Maji yakipwa utaweza kutembea mbali hadi kwa miamba, lakini huko chini kuna viumbe vyeusi vya miiba, na ukikanyaga kimoja likizo yako inageuka ya kuchechemea. Maji hujaa na kupwa mara 2 kwa siku, na kila siku saa zinasogea mbele kama dakika 50. Muulize mvuvi ama mlinzi wa nyumba saa za leo. Mwezi ukiwa mpya ama mpevu ni bamvua, bahari inajaa sana na kupwa sana. Usiwaache watoi kwa miamba maji yakianza kurudi.

Malizia na torchi, ekstensheni moja ya stima, pawabenki, kamba ya kuanika nguo na vibanio vyake, na tishu za choo za siku ya kwanza.

Sasa, nani anapika?

Hapa ndo fam nyingi hujidanganya. Mmemtoa mathe Nairobi apumzike, halafu kwa siku 5 yuko jikoni akipikia watu 8 huku nyinyi mko kwa maji mkipiga selfi. Hiyo si likizo, ni jikoni lake limehamishwa.

Andikeni zamu kabla ya kutoka: kila siku watu 2 wanapika na wengine 2 wanaosha. Jina la mathe lisiwe hapo. Akitaka kupika pilau siku moja ju anapenda, ni sawa, lakini iwe ni kupenda. Chaguo lingine ni mpishi. Nyumba nyingi za Diani na Watamu ziko na mpishi anayejulikana na mwenye nyumba: nyinyi mnanunua vitu, yeye anapika. Elewaneni malipo yake kabla ya kushuka na mumuweke kwa bajeti. Samaki wa kupaka wake atawashinda nyote.

Siku ya kurudi

Chakula kilichobaki kikiwa kizuri, ulizeni mlinzi ama mpishi kama angependa kukichukua. Takataka msiache nje, wale wa mikia wako macho.

Na mkishafika Nairobi, weka hii kwa grupu kama ujumbe wa mwisho: yeyote akishikwa na homa ndani ya mwezi mmoja, hasa mtoi, asiseme ni baridi ya Nai. Apimwe malaria siku hiyo hiyo, na daktari aambiwe wazi kwamba mlikuwa Pwani. Malaria huchukua wiki moja ama zaidi kujitokeza, na daktari wa Nairobi asipoambiwa anaweza kuanza kutafuta kwingine.

Safari njema, wasee. Mabuyu na achari msisahau.