Kasuku wa Mtukufu Rais

Siasa zote za baba yangu zilikuwa katika kidole kimoja, kile cha kupunguzia sauti ya televisheni.

Ulikuwa mwaka 2000, mtaani Umoja, Nairobi. Nation TV ilikuwa imeanza kurusha matangazo Desemba iliyotangulia, na katika vipindi vyake kulikuwa na kimoja cha vijana watatu waliotoka Chuo Kikuu cha Kenyatta: Walter Mong'are, ambaye wengi tulimjua kwa jina la Nyambane, Tony Njuguna, na John Kiarie, yaani KJ. Kipindi kiliitwa Redykyulass. Hakikuwa na kisa kimoja kirefu. Kilikuwa michezo mifupi mifupi, huu ukiisha unaingia mwingine. Nyambane akitokea, akaikwaruza sauti kooni na kuyavuta maneno taratibu, papo hapo sebule yetu ilikuwa na Rais wa Jamhuri ndani yake. Sisi watoto tulivunjika mbavu. Baba alinyoosha mkono, akapunguza sauti, kisha akatazama dirishani.

"Hawa hawana sanaa," alisema. "Wanaiga tu."

Ubishi huo haukuwa wa nyumba yetu peke yake. Shuleni, Jumatatu asubuhi, aliyekosa kipindi alikuwa kama mgeni. Kwetu sisi, hakikuwa na mfano. Mama mmoja jirani alisema ni utovu wa adabu: mtu mzima haigizwi na watoto, licha ya kuwa Rais. Kaka zake Mama, waliosoma hadi chuo kikuu, walikuwa na lao: kipindi kina ujasiri lakini hakina kina. Baba, mwalimu wa shule ya msingi, alikuwa na kipimo chake, nacho kilikuwa Vitimbi.

"Mtazame Ojwang," alikuwa akisema. "Pale kuna mtu."

Hakukosea. Mzee Ojwang wa Benson Wanjau alikuwa mtu kamili: mjanja ambaye ujanja wake humrudia mwenyewe, na mkewe Mama Kayai, aliyeigizwa na Mary Khavere, alijua kumngoja aanguke. Vioja Mahakamani nacho kiliwapandisha kizimbani watu wa kila namna, wakajitetea kwa Kiswahili cha kila lafudhi. Visa hivyo vilikuwa na mwanzo, fundo na ufumbuzi. Ukivilinganisha na Redykyulass kwa ufundi wa kusimulia tu, Baba alikuwa na hoja.

Lakini kuna jambo ambalo sikulijua wakati ule. Vitimbi na Vioja vilikuwa vipindi vya shirika la serikali, lililoitwa Sauti ya Kenya hadi 1989 lilipogeuka kuwa KBC. Hapo mchekeshaji aliruhusiwa kumcheka mume, mke, mlinzi, mlevi na mshtakiwa. Kicheko kilikuwa na mipaka yake, na Ikulu ilikuwa ng'ambo ya mpaka.

Na walioujaribu mpaka huo walijulikana. Mwaka 1977, wanakijiji wa Kamiriithu, Limuru, waliigiza Ngaahika Ndeenda, mchezo wa Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ. Ulipigwa marufuku, na Ngũgĩ wa Thiong'o akawekwa kizuizini kwa karibu mwaka mzima. Hiyo ilikuwa enzi ya Jomo Kenyatta. Moi aliingia 1978. Mwaka 1982 ukumbi wa Kamiriithu ulibomolewa, na mwaka huohuo Kenya ikawa nchi ya chama kimoja kwa mujibu wa sheria. Mnamo 1988 wapiga kura walipanga mlolongo nyuma ya wagombea wao, kila mtu akionwa na kila mtu. Baba alisimama katika mojawapo ya foleni hizo. Hajawahi kutuambia alisimama nyuma ya nani, ingawa watu mia kadhaa walimwona.

Mtu aliyepiga kura namna hiyo hujifunza kwamba hata mahali ulipoweka mguu ni ushahidi. Sembuse kicheko.

Jambo la kushangaza ni kwamba Rais mwenyewe alikuwa ameomba kuigwa. Mnamo Septemba 1984, aliporudi nchini kutoka safarini Addis Ababa, Moi aliwataka mawaziri na watu wote waimbe kama kasuku nyuma yake, akieleza kwamba yeye pia, enzi ya Kenyatta, aliimba wimbo wa Kenyatta tu. Mawaziri waliimba. Shule ziliimba. Taarifa ya habari ilianza kwa jina lake, jioni baada ya jioni, iwe alifungua barabara au alikwenda kanisani. Miaka kumi na mitano na ushei baadaye, wakatokea vijana watatu waliomtii kuliko mawaziri wote. Walimwiga hadi kikohozi.

Kwa hiyo Baba aliposema "wanaiga tu," alikuwa ametaja hasa kilichokuwa cha hatari. Kuiga kulikuwa wajibu wa raia kwa miaka mingi. Vijana wale walibadilisha kitu kimoja tu: waliiga ili watu wacheke. Ufundi wao haukuwa katika kisa. Ulikuwa katika kuonyesha kwamba sauti iliyotisha nchi ni sauti tu, inatoka kooni, na koo la kijana yeyote laweza kuitoa.

Tarehe 30 Desemba 2002, Uhuru Park, Mwai Kibaki aliapishwa akiwa katika kiti cha magurudumu. Umati ulimzomea Moi na kumrushia matope. Sebuleni tulishangilia. Baba alisimama, akazima televisheni kabisa. "Hiyo siyo," alisema, na hakuna aliyemjibu.

Baada ya hapo, watu walianza kusema Redykyulass imeshuka. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, tuliambiana. Nami nilisema hivyohivyo. Walimwiga Kibaki, waliiga wanasiasa wengine, na kilichokuwa kinatuangusha sakafuni sasa kilituchekesha kwa mdomo mmoja. Leo sidhani kwamba tembo lilitiwa maji. Kiu ndiyo iliyokuwa imekatika. Waigizaji walikuwa walewale, koo zilezile, lakini hakuna tena aliyenyoosha mkono kupunguza sauti. Nusu ya utamu wa kipindi ilikuwa hofu ya Baba, na sisi tuliokisifu tulikuwa tukiila hofu hiyo bila kujua nani aliilipia.

Kuna hoja nyingine ya Baba niliyochelewa kuielewa. Alichukia vichekesho vya lafudhi: Mkikuyu anayechanganya r na l, Mluhya, Mjaluo, Mkamba, kila mmoja na kasoro yake. Nilimjibu kwamba hata Vitimbi yake iliishi kwa lafudhi. Wanjau mwenyewe alikuwa Mkikuyu aliyeigiza Mjaluo. "Ndiyo," alisema, "lakini alikaa ndani ya yule mtu." Nilidhani anakwepa swali. Kisha ukaja uchaguzi wa Desemba 2007. Tume ya Jaji Waki ilihesabu watu 1,133 waliouawa. Kwenye vizuizi vya barabarani, jina katika kitambulisho lilitosha kukuponza. Sisemi vichekesho viliua mtu. Waliopanga na waliotenda ni watu, si vipindi. Nasema tu kwamba kwa miezi kadhaa sikuweza kucheka lafudhi ya mtu yeyote, na nikaelewa tofauti aliyoitaja kati ya kukaa ndani ya mtu na kumwonyesha kidole.

Kwa hiyo nani alikuwa na haki? Nikiulizwa leo kama Redykyulass ilikuwa nzuri, siwezi kujibu bila kuuliza: ulikitazama ukiwa na umri gani, na ulisimama nyuma ya nani mwaka 1988?

Mwaka 2017, KJ alichaguliwa kuwa mbunge wa Dagoretti Kusini. Baba alicheka aliposikia. "Sasa ataigizwa yeye," alisema.

Moi alifariki tarehe 4 Februari 2020. Siku ya mazishi yake Kabarak, tarehe 12, nilikwenda kwa Baba, tukatazama pamoja, sauti ikiwa juu kwa sababu masikio yake yamechoka. Jeshi lilipiga mizinga. Mama alileta chai. Katikati ya kimya, Baba alikohoa kidogo, akaikwaruza sauti kooni, akayavuta maneno taratibu, na kutuamuru sisi wananchi wake tuketi, tunywe chai, tudumishe amani, upendo na umoja.

Ilikuwa ni Moi. Ilimshinda Nyambane kwa mbali. Mama aliishika birika asiweze kumimina, kwa kucheka.

"Baba, ulijifunza lini?"

"Nilikuwa nayo tu," alisema, akaomba sukari.