Jagam, Ayie na Nyieka: Ndoa katika Msamiati wa Kijaluo

Mwaka 1938, Paul Mboya wa Karachuonyo, katika Homa Bay ya leo, alichapisha Luo Kitgi gi Timbegi, akiziandika mila za Wajaluo kwa lugha yao wenyewe. Msamiati wa ndoa, huko na Migori, nao ni kumbukumbu ya historia. Jagam, yaani mshenga, huunganisha jamaa mbili. Ayie, malipo ya mama wa binti, maana yake 'nakubali': ridhaa imegeuka jina la mali. Nyieka hushiriki mzizi na nyiego, yaani wivu. Kiswahili husema 'mke mwenza', neno la ushirika. Mfasiri anayeridhika na neno hilo hufuta uhasama uliokwisha kukiriwa na lugha asilia. Mhakiki hana budi kulichunguza neno kabla ya kumhukumu mhusika.