Euphrase Kezilahabi na Mashtaka Yake juu ya Msomi

Euphrase Kezilahabi alizaliwa mwaka 1944 huko Namagondo, katika kisiwa cha Ukerewe, ambako lugha ya nyumbani ni Kikerewe. Alisoma, akahitimu Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kisha akafundisha papo hapo; na mtu aliyeshtakiwa kuliko wote katika riwaya zake ni msomi, yaani mtu wa namna yake mwenyewe.

Rosa Mistika (1971) ilipigwa marufuku mashuleni kwa uwazi wa habari zake. Walioipinga hawakutazama vema: lawama nzito haikumwangukia Rosa, bali Zakaria babaye, mlevi aliyedhani kipigo ni malezi.

Lakini kitabu kilichofika kiini cha jambo ni Kichwamaji (1974). Kazimoto, mwanafunzi wa Chuo Kikuu, arudi kwao Ukerewe naye hana tena imani ya wazee wake, wala elimu haikumpa nyingine badala yake. Akili yake ni kali, na ukali huo hauna kazi ila kumkata mwenyewe, mwisho ajiua. Wahakiki wengine waliona humo kivuli tu cha falsafa ya Ulaya. Hukumu hiyo ni nyepesi, maana ugonjwa wa Kazimoto umeelezwa kwa mambo ya kijijini: ndoa, uzazi, kisasi, na uhasama wa majirani. Katika Gamba la Nyoka (1979), habari ya kuhamishiwa watu katika vijiji vya ujamaa, vijana wawili wasomi waitwa Mamboleo na Mambosasa. Dhihaka ya majina hayo haihitaji sherehe.

Utaalamu wake haukukaa mbali na utunzi. Mwaka 1976 aliandika tasnifu juu ya riwaya za Shaaban Robert. Mwaka 1985, katika Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, alipata udaktari kwa tasnifu iliyouliza kama fasihi ya Kiafrika yaweza kufasiriwa kwa vipimo vya kigeni. Baada ya hapo hakuweza tena kusimulia kama zamani. Nagona (1990) na Mzingile (1991) ni vitabu vifupi, vigumu, ambamo visa havifuatani kwa kawaida, na ngano na ndoto zimeshika mahali pa historia. Wasomaji waliompenda kwa Rosa wengi walipotea njia humo.

Baadaye alifundisha Botswana, akatoa diwani ya Dhifa mwaka 2008. Alifariki Januari 2020.