Rampu za gari

Rampu za gari ni jozi ya vyombo vya chuma au plastiki ngumu, vyenye mwinamo upande mmoja na kitako bapa juu, ambavyo magurudumu mawili ya gari hupandishwa juu yake kwa nguvu ya injini yenyewe, ili fundi apate wasaa wa kuingia uvunguni, aghalabu kwa kumwaga oili na kubadili filta. Zatofautiana na jeki kwa kuwa uzito wa gari hubaki juu ya matairi, na kwa sababu hiyo hazifai kwa kazi ya kufungua gurudumu lililo juu yake.

Huwekwa juu ya sakafu ngumu iliyo sawa, sambamba na magurudumu, baada ya uzito wa gari kulinganishwa na kiasi kilichochapwa juu yake. Hatari kubwa ni rampu kuteleza mbele gurudumu linapoanza kupanda, hasa penye saruji laini. Kwa hivyo gari huendeshwa taratibu, na msaidizi mwenye kuashiria husimama kando, wala si mbele. Likiisha kutulia kwenye kitako, breki ya mkono hukazwa, gia huingizwa, injini huzimwa, na kabari hutiwa pande zote mbili za magurudumu yaliyosalia chini. Matofali ya saruji si badala ya rampu, maana huweza kupasuka ghafula bila ya ishara. Kipimo cha oili husomwa baada ya gari kuteremshwa, kwani likiwa limeinama hakisemi kweli.