Kompyuta Iko Mfukoni, Ufunguo Uko kwa Mwingine

Ndugu wasikilizaji, katika mazungumzo yetu ya juma hili napenda tuitazame historia ya kitu ambacho wengi wenu mnacho mfukoni hivi sasa. Sizungumzii bei ya vocha, wala vijana wanaovuka barabara vichwa vimeinama. Hayo yamekwisha semwa mno. Mimi nina swali moja tu: ikiwa simu ya kisasa ni kompyuta kamili, mbona haituruhusu kufanya nayo kazi ya kompyuta kamili?

Swali hili si la anasa. Pita katika duka lolote la kuchapa na kutoa fotokopi karibu na vyuo vyetu. Utawakuta vijana wamesimama foleni wakisubiri kuchapiwa barua za kuomba kazi, wakilipa kwa ukurasa, na kila mmoja ana simu mkononi. Simu hiyo, hata ile ya bei ya chini, ina kumbukumbu kubwa na kasi kubwa kuliko kompyuta zilizofanya kazi katika ofisi zetu miaka ya 1990. Kweli, zipo programu za kuandikia kwenye simu, lakini zimekatwa kwa kipimo cha kidole gumba. Ninachosema mimi ni kitu kingine: kuichomeka simu kwenye skrini kubwa na kibodi, ukapata meza nzima yenye madirisha, karatasi za hesabu, programu za kuchora na vifaa vya kutengenezea programu nyingine. Jambo hilo linawezekana. Limekwisha fanyika zaidi ya mara moja, na zaidi ya mara moja limezimwa.

Tuanze Ufini mwaka 1991. Tarehe 25 Agosti mwaka huo, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki aitwaye Linus Torvalds, kijana wa miaka 21, aliwaarifu wenzake kwamba anatengeneza mfumo wa kuendeshea kompyuta, kama kitu cha kujifurahisha tu. Alichokitengeneza kilikuwa kiini, yaani ile sehemu ya ndani kabisa inayogawa kumbukumbu na kuongea na vyombo. Kiini hicho ndicho Linux. Mwaka 1992 alikiweka chini ya leseni ya GNU, iliyobuniwa na Mmarekani Richard Stallman. Leseni hiyo inamruhusu mtu yeyote kuisoma kazi hiyo, kuibadilisha na kumpa mwingine, mradi naye ampe huyo mwingine uhuru ule ule.

Kiini peke yake ni sawa na injini bila gari. Watu wengine wakaleta bodi na magurudumu. Mwaka 1993 lilianzishwa kundi la Debian, likaanza kukusanya programu huria na kuzipanga kama bidhaa dukani. Mwaka 1996 na 1997 zikaanza kazi za KDE na GNOME, zilizoipa Linux madirisha na vitufe vya kubonyeza. Na mwaka 2000 Debian ikatoa toleo lililoweza kuendeshwa na prosesa za aina ya ARM. Wakati ule habari hii haikumshtua mtu. Lakini ARM ndiyo prosesa iliyokuja kutawala simu za mkononi, kwa sababu inatumia umeme kidogo. Kwa hiyo, kabla simu za kisasa hazijafika madukani, watu wa kujitolea walikuwa wamekwisha andaa maelfu ya programu za kuzitumia.

Wa kwanza kuiona nafasi hiyo kwa upana walikuwa Nokia, kampuni ya Ufini hiyo hiyo. Mwaka 2005 waliuza chombo cha kiganjani kilichojengwa juu ya Debian, ingawa hakikuwa simu. Mwaka 2009 wakatoa simu yenyewe, Nokia N900, yenye kumbukumbu ya megabaiti 256 na kasi ya megahezi 600. Wenye simu hiyo waliweza kuiwekea Debian nzima ndani yake na kufungua programu ya ofisi ya OpenOffice katika skrini ya inchi tatu na nusu. Ilikuwa polepole na herufi zilikuwa ndogo kama sisimizi, lakini ilifanya kazi. Kisha Februari 2011 wakuu wa Nokia wakatangaza kwamba wanahamia kwenye Windows Phone ya Microsoft. Mwaka huo huo ikatoka Nokia N9, simu iliyotokana na jitihada za Linux, ikazaliwa yatima. Mwaka 2014 Microsoft ikaichukua idara yote ya simu.

Hapo msikilizaji mmoja ataniuliza: je, Android si Linux? Ni swali zuri. Simu ya kwanza ya Android iliuzwa mwaka 2008, na chini yake kabisa kuna kiini kile kile cha Torvalds. Lakini juu ya msingi huo Google walijenga nyumba ya ramani nyingine. Programu ya kawaida ya Linux ikiingia humo haikuti maktaba inazozitegemea wala mtu wa kuichorea madirisha. Ni sawa na fundi aliyeingia karakana ambayo spana zote ni za kipimo kingine. Matokeo yake, Linux imeingia katika mifuko ya mamilioni ya watu, ila ile meza ya kazi imebaki nje.

Kampuni zenyewe zilijaribu kuiingiza. Mwaka 2011 Motorola waliuza simu ya Atrix pamoja na kasha mfano wa kompyuta ya mapajani, lenye skrini na kibodi lakini halina ubongo. Ukiichomeka simu nyuma yake, ilionyesha meza ya Linux yenye kivinjari cha Firefox. Kasha lilikuwa ghali, na mwaka 2012 Motorola wakaachana na mpango huo.

Mwaka huo wa 2012 Canonical, kampuni ya Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, ikatangaza mpango wake. Ndiyo watengenezaji wa Ubuntu, Linux iliyopewa jina kwa neno la Kinguni ambalo sisi kwa Kiswahili husema utu. Mwaka 2013 waliwaomba watu wachange dola milioni 32 ili itengenezwe simu iitwayo Ubuntu Edge, ambayo ingekuwa simu mkononi na kompyuta mezani. Zilichangwa takriban dola milioni 12.8, lengo halikufikiwa, na wachangiaji wakarudishiwa fedha zao. Hata hivyo mwaka 2015 simu ya Ubuntu iliuzwa Ulaya, na mwaka 2016 ikafuata tabuleti iliyogeuka kompyuta ya mezani ikiunganishwa na kibodi na kipanya. Aprili 2017 Shuttleworth akatangaza kwamba anasimamisha kazi hiyo yote.

Samsung nao walianza mwaka 2017. Simu zao kubwa ziliweza kuonyesha meza kwenye skrini ya nje kwa mpango uitwao DeX, na mwaka 2018 wakaanza kuwapa watu Linux kamili ya kujaribu ndani yake. Oktoba 2019 wakatangaza kwamba Linux hiyo haitaendelea katika Android 10. Waliokuwa wakiijaribu wakaambiwa basi.

Ndugu wasikilizaji, linganisheni mambo haya mawili ya mwisho, maana hapo ndipo penye fundisho. Samsung walipoizima Linux yao, ilizimika, kwa sababu daraja lililoiunganisha na simu lilikuwa mali yao. Canonical walipojitoa, kazi yao haikufa. Ilikuwa programu huria, na kikundi cha wapenzi wake waitwao UBports kiliichukua, kikaiendeleza na kutoa toleo baada ya toleo kwa simu za aina nyingi. Fedha za kampuni ziliondoka, lakini leseni iliwaachia watu haki ya kubaki na kazi yenyewe. Mimi nasema tofauti hii ni kubwa kuliko tofauti yoyote ya kasi au ya uzuri wa kamera.

Mwaka huo huo wa 2017 ulianza mradi wa postmarketOS, wenye lengo la kuiwezesha simu kuishi miaka kumi badala ya kutupwa kiwanda kinapoacha kuihudumia. Januari 2020 ikaanza kusafirishwa PinePhone, simu ya dola 149 iliyokusudiwa Linux tangu kiwandani. Sitawadanganya kwamba mambo ni shwari. Katika simu nyingi za zamani postmarketOS huwaka, lakini kamera haioni au simu haipigi, kwa sababu waliotengeneza vyombo hivyo hawakutoa maelezo ya namna ya kuviendesha. Wanaojitolea hulazimika kukisia, kama mganga asiyeruhusiwa kumgusa mgonjwa.

Wengi, hata hivyo, hawana haja ya kuing'oa Android. Kuna njia tatu za kuiweka Linux ndani yake. Ya kwanza ni kuitengea chumba chake na kuifanya iamini kuwa chumba hicho ndicho nyumba nzima. Njia hii ina kasi, lakini inahitaji uwe na mamlaka ya juu kabisa ya simu, ambayo wauzaji hawakupi. Ya pili ni kuiga hali hiyo bila mamlaka hayo, kwa msaada wa programu kama Termux, iliyoanza mwaka 2015. Kasi inapungua, lakini hakuna kufuli linalovunjwa. Ya tatu ni kuijengea Linux nyumba yake ndogo yenye kiini chake ndani ya simu. Machi 2025 Google wenyewe walianza kutoa njia hii ya tatu, wakiiweka Debian katika simu zao za Pixel, ingawa mwanzoni ilikuwa ya kuandika amri tu, bila madirisha.

Lazima tuwe waadilifu pia kwa wenye kufuli. Tangu M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007, simu katika nchi zetu imekuwa mfuko wa fedha. Mtu akiifungua simu mpaka ndani kabisa bila kujua anachofanya, mwizi naye hupata mlango. Ndiyo maana programu nyingi za benki hukataa kufanya kazi katika simu iliyofunguliwa. Hofu hiyo ni ya kweli. Lakini nyumba kuhitaji kufuli ni jambo moja, na mwenye nyumba kunyimwa ufunguo ni jambo lingine kabisa. Njia ya tatu niliyoitaja inaonyesha kwamba fedha zinaweza kukaa salama upande mmoja, na meza ya kazi ikawa wazi upande wa pili.

Wala tusidhani kwamba sisi ni watazamaji tu. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika mradi wa Kilinux, walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa lugha ya Kiswahili. Hawakuomba ruhusa ya kampuni yoyote, kwa kuwa leseni ilikwisha wapa ruhusa. Ni familia ile ile ya programu ambayo miaka mitano baadaye watu waliifungua katika Nokia yao ya inchi tatu na nusu.

Kwa hiyo nina ombi. Mnapokwenda kununua simu, muulizeni muuzaji mambo mawili zaidi ya kamera na betri: je, simu hii inatoa picha kwenye skrini ya nje kwa waya? Na je, kiwanda kinamruhusu mwenyewe kuifungua akitaka? Muuzaji wa kwanza atashangaa, na wa pili pia. Wa kumi atakwenda kuuliza kwa aliyemuuzia yeye. Na walimu wa vyuo vyetu, badala ya kungoja maabara mpya za kompyuta, wawatazame wanafunzi waliokaa mbele yao, wahesabu simu zilizomo mifukoni, kisha watafute skrini na kibodi za kuzichomeka.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la mali hii nimewasomea leo, tangu Helsinki mwaka 1991. Hadi juma lijalo, kwaherini.