Keki Isiyoiva na Miti ya Dada

Usiku wa kuamkia Krismasi ya mwaka 2024, hapa nyumbani kwangu Lupiro, ilipikwa keki ambayo mke wangu aliikataa kabla hajaionja. Aliichoma kwa kijiko, akaona ndani yake uji mweusi ukimwagika sahanini, akamwambia binti yetu, "Mwanangu, rudisha jikoni, haijaiva." Binti akacheka. "Mama, ndivyo inavyotakiwa iwe."

Binti yetu ni mpishi katika hoteli mojawapo ya Dar es Salaam. Alikuja likizo na vipande viwili vya chokoleti alivyopewa na mgeni wa hoteli, kila kimoja gramu 56, akaahidi kutupikia kitu ambacho wageni hukilipia fedha nyingi. Vipande hivyo vilitosha keki nne ndogo, kila mtu na yake: mimi, mama yake, yeye mwenyewe, na dada yangu mkubwa ambaye alikuwa amevuka mto kuja kula sikukuu nasi.

Mimi ni mwalimu mstaafu na nilifundisha historia, kwa hiyo sikuweza kula bila kuuliza. Niliyoyasikia usiku ule, na niliyoyasoma baadaye, yalinirudisha kwenye jambo ambalo kwa miaka zaidi ya 20 nilikuwa nalikwepa.

Keki hiyo si ya zamani. Mpishi Michel Bras wa Laguiole, Ufaransa, aliitoa mwaka 1981 baada ya kuihangaikia kwa miaka miwili. Amesimulia kwamba wazo lilimjia alipoitazama familia yake ikinywa chokoleti ya moto baada ya kutoka kwenye theluji. Alichukua donge la chokoleti lililogandishwa, akalizungushia kinyunga cha keki, akaoka. Nje ikakauka, ndani likayeyuka. Miaka michache baadaye, mwaka 1987, Jean-Georges Vongerichten, mpishi Mfaransa aliyekuwa New York, alipata keki ya namna hiyo kwa njia nyingine. Kwa maelezo yake, aliitoa keki ya kawaida katika joko kabla haijaiva sawasawa, akaona kosa lina ladha kuliko usahihi. Wapo waliombishia kwamba Wafaransa walikuwa nayo tangu zamani. Ugomvi huo tuwaachie wenyewe. Lililo muhimu ni kwamba siri yake yote ni kujua wakati wa kuiondoa motoni. Dakika moja ikizidi, una keki ya kawaida tu. Dakika moja ikipungua, una uji.

Binti hakuwa na joko la umeme. Alitumia sufuria kubwa yenye mchanga chini, makaa chini na makaa juu ya mfuniko, kama mama zetu walivyooka keki za harusi. Aliyeyusha chokoleti pamoja na siagi ya uzito uleule, akapiga mayai mawili na viini viwili na robo kikombe cha sukari mpaka vikawa vyeupe, akachanganya na vijiko viwili vya chai vya unga wa ngano. Akapaka siagi vikombe vinne vya bati. Katikati ya kila kikombe alitia donge la karanga za shamba letu, alizokuwa amezikaanga, akazitwanga na sukari na chembe ya chumvi, na kuzilaza usiku kucha katika friza ya jirani muuza soda. Kule hotelini hutumia lozi au korosho. Hapa alisema karanga zinatosha, nami nakubaliana naye. Hata huko Torino, Italia, karne ya 19, watu walianza kuchanganya njugu za kwao katika chokoleti kwa sababu kokoa ilikuwa adimu na ghali. Kilichoanza kwa uhaba kikawa fahari ya mji.

Wakati makaa yakiwaka nilichukua karatasi ya chokoleti nikaisoma. Ilitengenezwa San Francisco, Marekani, na kiwanda kiitwacho Dandelion. Chini yake yaliandikwa maneno ambayo sikuyatarajia: Kokoa Kamili, Tanzania. Msomaji asiyekijua Kilombero afahamu kwamba Kokoa Kamili ni kampuni iliyoanza mwaka 2013 pale Mbingu, chini ya milima ya Udzungwa, upande wa pili wa mto kutoka hapa kwetu. Na Mbingu ndiko alikoolewa dada yangu. Punje zilitoka bondeni kwetu, zikavuka bahari, zikasagwa California, na sasa zilikuwa zimerudi Lupiro katika mkoba wa binti yangu.

Nilipokuwa kijana nilidhani chokoleti huota Uswisi. Mapadre Wakapuchini waliofika huku mwaka 1921 walitoka Uswisi, na mtawa mmoja wa kwao alitugawia wanafunzi vipande vidogo siku ya mtihani wa mwisho. Nilikificha changu chini ya ulimi mpaka kikaisha. Hakuna aliyetuambia kwamba Uswisi haina hata mti mmoja wa kokoa shambani. Mti huo asili yake ni misitu ya Amerika ya Kusini. Wareno waliupeleka São Tomé katika miaka ya 1820, na kutoka visiwa vya pwani ile ukaingia bara la Afrika. Mwaka 1879 Tetteh Quarshie alipanda mbegu alizozileta kutoka Fernando Po huko Mampong, katika nchi inayoitwa Ghana leo. Mwaka huohuo wa 1879, mjini Bern, Rodolphe Lindt aligundua kwamba chokoleti ikisagwa na kukorogwa kwa saa nyingi huwa laini na kuyeyuka mdomoni. Mmoja alipanda, mwingine akasaga. Tangu hapo kazi imegawanyika hivyo: sisi tunakomea kwenye jamvi la kuanikia, na kinachofuata hufanywa mbali.

Hapo ndipo ninapofika kwenye jambo langu.

Dada alipoolewa alikuta miti ya kokoa katika shamba la mumewe, chini ya migomba. Nyakati hizo, ili kumtembelea, nilivuka mto kwa kivuko, nikashika barabara ya Ifakara kwenda Mbingu. Walivundika punje nyumbani, kila mtu kwa namna yake, wakazianika, wakangoja mnunuzi. Mnunuzi akija hutaja bei, nawe huitikia. Mwaka 2000 bei ya kokoa duniani ilianguka kuliko ilivyowahi kuanguka kwa miaka mingi. Mwaka uliofuata dada alivuka kuja kwangu. Alikuwa amefiwa na mumewe, ana watoto wanne, mmoja anaingia sekondari. Akaniuliza, "Mwalimu, niiache miti hii au niikate nilime mpunga?" Sikufikiri sana. Nilikuwa na gazeti mkononi na bei niliziona. Nikamwambia akate.

Alikata nusu. Nusu ya pili hakuikata, na hakuniambia kwa nini.

Miaka 12 baadaye kampuni ilikuja Mbingu ikaanza kununua punje mbichi zikiwa na utelezi wake mweupe, bila kungoja mkulima akaushe. Kuvundika kukawa kazi yao: masanduku ya mbao, siku kadhaa, punje zikigeuzwa na joto likipanda lenyewe mpaka mbegu inakufa na ladha ya chokoleti inaanza kuzaliwa. Kisha huanikwa. Kumbe punje isiyovundikwa vizuri haiwezi kuponywa na kiwanda chochote duniani, hata kile cha Bern. Sehemu ya kazi tuliyoidharau ndiyo inayoshika nyingine zote. Na ule mwaka wa 2024 bei ya dunia ilipita dola 10,000 kwa tani mwezi Machi, na Desemba ikapita 12,000, kwa sababu mavuno ya Ghana na Ivory Coast yalikuwa mabaya. Kila nilipoisikia bei hiyo redioni niliona visiki vya dada. Tangu hapo imeshuka sana, na wala sisemi kwamba angetajirika. Nasema tu kwamba mimi, msomi wa familia, nilimhukumia mti wa miaka mingi kwa bei ya mwaka mmoja. Naye hakuwahi kunilaumu, na kutolaumiwa nako ni mzigo.

Turudi mezani. Mke wangu alipoisukuma sahani, dada aliivuta yake. Nilimweleza habari ya karatasi. Aliipokea, akaipeleka karibu na taa, akalisoma taratibu neno Mbingu ambalo halikuandikwa pale lakini alijua limo. Ana miaka 76. Amefyonza utelezi wa kokoa tangu alipokuwa bibi harusi, lakini chokoleti ya kokoa ya kwao hakuwahi kuionja. Akala kijiko kimoja, akanyamaza. Akala cha pili, akaifikia karanga.

"Ina uchachu," akasema. "Ule wa utelezi. Haukupotea."

Kisha akamgeukia binti. "Umejuaje wakati wa kuitoa?"

"Shangazi, naitazama. Pembeni ikisimama na katikati ikitikisika kidogo, naitoa. Saa haisaidii, kila moto una tabia yake."

Dada akatikisa kichwa, akanitazama mimi. "Umesikia, Mwalimu? Anatazama keki, hatazami gazeti."

Watu wote walicheka, nami nilicheka, lakini nilijua limesemwa. Ilikuwa imechukua miaka 23. Nikamwambia mbele ya mke wangu na mtoto, "Dada, nisamehe kwa ile miti." Akajibu kwamba mpunga ulimsomesha mwanawe wa kwanza, na kwamba nusu aliyoiacha aliiacha kwa sababu hakuamini kama nimeitazama. Kisha akakwangua kikombe.

Januari nilivuka na kwenda kwake. Siku hizi si safari tena, tangu daraja la mto Kilombero lilipofunguliwa mwaka 2018. Palipokuwa na visiki kuna migomba sasa, na chini ya kivuli chake ameotesha miche ya kokoa 40. Aliniomba nimsaidie kupanda. Sikumuuliza bei itakuwaje itakapozaa.