TAWI LA RELI LA MWANZA NA SISI WATU WA KISHAPU

Ndugu wahitimu wenzangu, nanyi vijana mliopo shuleni hivi sasa,

Kamati ya mkutano wetu iliniomba niandike kidogo juu ya historia. Wenzangu wameandika juu ya walimu na mabweni. Mimi nimechagua reli, kwa kuwa wengi wetu wa miaka ya 1970 tuliletwa shuleni na gari la moshi, waranti ya serikali mfukoni na sanduku la bati kichwani. Mimi nilipandia Seke.

Wajerumani walianza kujenga Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam mwaka 1905. Ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Walikuwa wameanza pia njia ya kutoka Tabora kuelekea Rwanda, lakini vita ikawakatisha. Waingereza walipotwaa nchi waliielekeza njia ziwani, na mwaka 1928 ikafika Mwanza. Hilo ndilo tawi letu: kama kilometa 380, upana wa meta moja.

Sababu kubwa ilikuwa pamba. Kabla ya hapo mazao ya Usukuma yalivushwa kwa meli hadi Kisumu, yakapakiwa katika reli ya Uganda na kuteremshwa Mombasa. Tawi la Mwanza liliyageuza yaelekee Dar es Salaam. Basi reli haikujengwa kwa kutuonea huruma, lakini mkulima wetu aliizoea na kuitegemea.

Vijana wengi hudhani reli hii ililetwa na almasi. Sivyo. Williamson aligundua almasi Mwadui mwaka 1940, miaka 12 baada ya gari la moshi kufika Mwanza. Tena almasi haijazi behewa, wala dhahabu ya Geita haijazi. Mzigo wa thamani kubwa hutosha ndani ya ndege ndogo. Kinachohitaji behewa ni kitu kizito chenye bei ndogo: robota la pamba, saruji, chumvi, mbolea, gunia la mpunga. Yaani mali ya mkulima na mahitaji yake.

Jambo hili nalijua kwa uchungu. Msimu mmoja, mwishoni mwa miaka ya 1970, nilirudi likizo nikakuta mabehewa hayajaonekana kwa majuma mengi. Marobota yalirundikana yakingoja usafiri. Kinu cha kuchambulia pamba kilipokosa pa kuyaweka, kikaacha kupokea pamba mbichi. Ghala la kijiji nalo likajaa, na pamba ya baba ikabaki nyumbani, imelundikwa hadi juu ya kitanda changu. Mvua zilipokaribia hakuwa na fedha hata ya jembe. Akauza maksai mmoja kati ya wawili waliokuwa wakivuta plau. Mwaka uliofuata tulilima nusu ya shamba. Sitaji ofisi wala mtu. Nataka tu vijana waelewe kwamba behewa lisipofika, njaa inaweza kufika.

Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, na reli ikawa chini ya Shirika la Reli Tanzania. Miaka iliyofuata injini na mabehewa yalipungua, mvua za El Nino za 1997/98 zikabomoa njia, na malori yakachukua mizigo. Mwaka 2007 reli ilikodishwa kwa ubia na kampuni ya India. Baada ya miaka michache Serikali ikairudisha mikononi mwake. Mwaka 2014 Benki ya Dunia ilikubali kukopesha fedha za kukarabati njia ya Dar es Salaam hadi Isaka, kilometa 970. Angalieni vizuri: hadi Isaka. Sisi wa Kishapu tuko mbele ya Isaka.

Sasa kuna habari njema. Tarehe 14 Juni 2021, Rais Samia Suluhu Hassan aliweka jiwe la msingi huko Fela, Misungwi, la reli ya kisasa ya Mwanza hadi Isaka, kilometa 341 pamoja na njia za kupishania. Mwaka 2024 treni za umeme zilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma. Nafurahi kama kila mwananchi. Lakini nauliza: je, treni ya mizigo itasimama mahali ambapo mkulima wetu anaweza kufika na mkokoteni wake? Reli inayopita bila kupakia ni kelele tu.

Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Maoni yangu ni kwamba njia ya zamani ising'olewe wala kuachwa iote majani mpaka ile mpya iwe na maghala na mahali pa kupakilia mizigo ya vijijini. Wahitimu wenye nafasi katika halmashauri na vyama vya ushirika walisemee jambo hili mapema, kabla michoro haijakuwa zege.

Nanyi vijana, someni hesabu na fizikia. Reli mpya itahitaji mafundi na wahandisi, na sioni kwa nini wasitoke hapa. Siku mtakapopanga mabehewa, mkumbuke kwamba kuna mzee kijijini ambaye kitanda cha mwanawe kimejaa pamba.